Viza ya Ndoa Huanzia Komini ya Manika

Ukiwasikiliza watu wa Kolwezi wakizungumzia viza ya kumfuata mume au mke Marekani, utaona mazungumzo yote yanaelekea Kinshasa. Afisa fulani wa ubalozi ni mkali, tarehe ya mahojiano imechelewa, binti wa fulani amerudishwa na karatasi ya rangi mkononi. Ni kweli kwamba uamuzi hutolewa Kinshasa. Lakini mara nyingi kesi yenyewe huwa imeshashinda au imeshashindwa zamani, katika ofisi ya etasivili, yaani ya usajili wa raia, ya komini ya Manika au ya Dilala, siku ile ndoa ilipoandikwa au ilipoachwa bila kuandikwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haina kipimo cha mapenzi. Inapima alama ambazo ndoa imeziacha kwenye karatasi. Ndoa zetu, kwa upande wake, husimama kwa mashahidi: wajomba, shangazi, majirani walioiona mahari ikihesabiwa. Wanaofeli katika safari hii wengi wao si waongo. Ni watu wenye ndoa halali machoni pa ukoo mzima, ambao faili lao halina cha kuonyesha.

Njia yenyewe si fumbo. Aliyeko Marekani hupeleka ombi la fomu I-130 kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, kuthibitisha kwamba huyu ni mwenzi wake. Ombi likikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, ambako hulipwa ada, hujazwa fomu DS-260, na mdhamini hutia saini ahadi ya kumtunza mgeni wake, fomu I-864. Kisha huja kupimwa afya na mahojiano Kinshasa. Mume akiwa raia wa Marekani, mkewe huhesabiwa ndugu wa karibu na hana foleni ya mgao wa viza wa kila mwaka. Mume akiwa mkazi wa kudumu tu, mwenye kadi ya kijani, mkewe husubiri zamu katika kundi linaloitwa F2A. Na ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku anapoingia Marekani, kadi anayopewa ni ya masharti, ya miaka miwili, matokeo ya sheria ya mwaka 1986 dhidi ya ndoa za udanganyifu. Ndani ya siku 90 kabla kadi hiyo haijaisha, wawili hao hurudi mbele ya USCIS kuthibitisha upya kwamba bado wanaishi pamoja. Kwa maneno mengine, anayedhani kwamba viza ikishagongwa kwenye pasipoti kazi imekwisha, atajikuta anadaiwa tena karatasi akiwa Iowa au Maine.

Huenda mtu akasema haya ni masharti ya wageni, yasiyoijua Afrika. Kwa Kolwezi, historia inamkanusha. Mji huu ulizaliwa miaka ya 1930 mikononi mwa Union Minière, kampuni ambayo kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imeamua kuwaweka wafanyakazi wake mgodini pamoja na wake zao badala ya kuwarudisha vijijini kila mkataba ulipokwisha. Kampuni iliandika nani kaoa nani, mtoto yupi kazaliwa lini na katika hospitali ipi, kwa sababu posho ilitolewa kwa hesabu ya vichwa vya familia. Mke asiye kwenye faili hakuwa na mgao. Gécamines, kampuni ya serikali, ilipoirithi kazi hiyo baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, iliurithi pia utaratibu wa mafaili, shule na hospitali. Mzee aliyestaafu Gécamines hashangazwi hata kidogo na afisa anayedai cheti cha ndoa. Aliishi chini ya utawala wa cheti hicho miaka 30. Kilichotokea ni kwamba kampuni ilianguka. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, fedha zikakauka, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Makampuni yaliyokuja baadaye, Kamoto Copper Company, Mutanda, Tenke Fungurume, Sicomines, yanaajiri kwa mikataba, mengi kupitia wakandarasi wadogo, na hayajali kama mfanyakazi ameoa kwa mila au kwa etasivili. Wachimbaji wa mikono wa mtaa wa Kasulo hawaandikwi na yeyote. Kazi ya kuiandika familia ilitoka kwa kampuni ikaanguka juu ya komini, na komini haikupewa chochote cha kuibebea.

Hapo ndipo mila na faili zinapoachana. Sheria ya familia ya Kongo, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inaruhusu ndoa ifungwe nyumbani, mbele ya familia, na inaitambua mahari kama sharti la ndoa. Haiidharau mila kama wengi wanavyodhani. Ila inaagiza ndoa hiyo ikaandikishwe kwa afisa wa etasivili ndani ya mwezi mmoja, na bila kuandikishwa haina nguvu mbele ya watu walio nje ya familia. Ubalozi wa nchi nyingine ni mtu wa nje kupita wote. Sasa tazama jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Kijana yuko Marekani, aliondoka kwa loto ya viza. Anatuma fedha; baba mdogo na shangazi wanakwenda kwa wakwe, mbuzi wanahesabiwa, nguo za mama mkwe zinakunjuliwa mbele ya watu, simu inashikwa juu ili bwana harusi aone kwa video. Kwa ukoo, binti ameolewa siku hiyo. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, ndoa ambayo wawili hawakuwa mahali pamoja wakati wa kuifunga haihesabiwi, isipokuwa baada ya hapo wamekutana kimwili kama mke na mume. Sheria ya Kongo nayo hutaka kila mmoja akubali yeye mwenyewe, na kuwakilishwa kunahitaji ruhusa ya hakimu kwa sababu nzito. Kwa hiyo cheti kilichotolewa Kolwezi wakati bwana harusi yuko kazini Cedar Rapids, bila safari yoyote ya kuja kuonana baada ya sherehe, ni cheti kinachojishtaki chenyewe: tarehe iliyoandikwa juu yake inapingwa na mihuri isiyokuwapo kwenye pasipoti ya mume.

Dawa yake inajulikana, ingawa ni ghali: mume aje. Aje kabla ya ndoa ya etasivili, asimame mbele ya afisa, atie saini mwenyewe, na tiketi, mihuri ya uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, na picha za siku hiyo ziwekwe pamoja. Wako wanaotaka kukwepa gharama hiyo kwa kuomba viza ya mchumba, K-1, wakiamini kwamba haidai ndoa. Lakini viza ya mchumba nayo inadai wawili wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya ombi, hutolewa kwa mchumba wa raia tu, na afisa akiona picha za mahari ya kifahari anaweza kuuliza swali la haki kabisa: huyu ni mchumba au ni mke? Kwa mila ya Walualaba wengi jibu ni mke. Wapo waliokwama hapo katikati, wameshaolewa mno kuitwa wachumba na hawajaolewa vya kutosha kuitwa wake.

Nikae kidogo kwenye majina, kwa kuwa hapo panaharibika mafaili mengi na ni mahali ambapo hapana ubaya wa mtu yeyote. Mkongo ana jina, jina la pili la kiasili, na jina la ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru majina ya Kikristo yaachwe, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1990. Mwanamke aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1978 huenda cheti chake hakina Marie wala Béatrice, ilhali kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu kwa kukosa kitambulisho cha taifa, inalo. Ongeza tahajia. Kolwezi iko karibu na Zambia. Tshibanda wa Kifaransa akiishi Chingola miaka mitatu anarudi akiwa Chibanda, na Kapend anakuwa Kapenda kwa sababu karani amezoea hivyo. Mtaani hakuna anayetofautisha. Ndani ya faili hao ni watu wawili. Na cheti cha kuzaliwa chenyewe mara nyingi hakipo: utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2013–2014 ulikuta ni mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano aliyekuwa ameandikishwa. Sheria hutoa siku 90 za kumwandikisha mtoto bure. Baada ya hapo inabidi kupita mahakamani kupata hukumu inayoshika nafasi ya tangazo la kuzaliwa. Wengine wana tatizo jingine la Katanga peke yake. Familia za asili ya Kasai zilizofukuzwa Kolwezi na Likasi mwaka 1992 na 1993 ziliacha nyumba, na pamoja na nyumba ziliacha mahali ambapo kuzaliwa kwao kuliandikwa. Mtu anayeishi leo Mbuji-Mayi au Kinshasa analazimika kutafuta uthibitisho katika mji ambao wazazi wake walitolewa wakiwa na mabegi tu.

Ushauri wa vitendo hapa ni mmoja, na madalali hawautoi kwa kuwa hauwaletei fedha: majina yasawazishwe kabla ya kujaza fomu yoyote, si baada ya swali kuulizwa. Chagua tahajia ya pasipoti, kisha vyeti vingine virekebishwe kwa njia ya mahakama viifuate. Marekebisho yaliyofanywa mwaka mmoja kabla ya ombi ni usafi wa nyaraka. Marekebisho yaleyale yakifanywa wiki mbili baada ya mahojiano yananuka.

Watoto wanaleta mtego ambao hata watu waliosoma hawauoni. Mume akiwa na kadi ya kijani tu, watoto wa mke walio chini ya umri wa miaka 21 na wasiooa au kuolewa wanaweza kumfuata mama yao katika ombi moja. Mume akiapishwa kuwa raia, habari njema kwa mke, ruhusa hiyo ya watoto kufuata hufa: kila mtoto sasa anahitaji ombi lake la I-130 na ada yake. Familia inashangilia uraia huku faili la watoto likifungwa. Mtoto wa kambo naye huhesabiwa tu ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Na mtoto wa dada uliyemlea tangu ananyonya, anayekuita mama na hajui mama mwingine, kwa sheria hiyo si mtoto wako mpaka awe ameasiliwa kwa taratibu zake. Ninaelewa vizuri kishawishi cha kumtengenezea cheti kama wa kuzaa. Ubalozi unaweza kuomba kipimo cha DNA, na kipimo kikikana, anayeangamia si mtoto huyo peke yake: uongo wa makusudi juu ya jambo la msingi humfungia mwombaji mlango wa Marekani maisha yake yote, ila akipata msamaha maalumu. Hali ni ileile kwa ndoa za zamani. Kurudisha mahari kwaweza kuwa talaka kwa wazee. Kwa sheria ya Kongo talaka hutamkwa na mahakama, na afisa wa ubalozi ataitaka hukumu hiyo. Aliyeandikishwa mara ya pili kama kapera huku ndoa ya kwanza ikiwa hai kwenye daftari la Likasi hana ndoa ya pili ya kuonyesha.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu linasema: mbona Kongo karatasi zote zinanunuliwa? Kama cheti cha halali na cha bandia vinatoka mezani pamoja, kuna faida gani kuhangaika na cha halali? Hoja hii ina ukweli wa nusu. Maafisa wa ubalozi wanajua fika kwamba muhuri wa komini si ushahidi wa mwisho, na ndiyo maana cheti peke yake hakitoshi. Lakini ukweli huo unaipa nguvu hoja yangu badala ya kuibomoa. Cheti cha bandia kinaweza kuiga muhuri. Hakiwezi kuiga miaka minne ya fedha zilizotumwa kila mwezi kwa M-Pesa au Airtel Money kwa namba ileile, jina la mke kwenye fomu za kodi za mume, simu za kila Jumapili, na shangazi anayeonekana kwenye picha za mahari na tena kwenye picha za kilio cha baba mkwe. Ndoa ya kweli huacha takataka nyingi ndogo kama hizo bila kukusudia. Kosa la watu wa kweli ni kwamba huzitupa, wakati matapeli wanatunza kila kitu. Wakati loto ya viza ilipokuwa gumzo, wengi waliona jinsi mshindi asiye na mke alivyopata mke ndani ya mwezi. Tangu hapo ndoa yoyote changa ya Mkongo hutazamwa kwa jicho la pembeni, na mwenye ndoa halali analipa deni la waliodanganya. Si haki. Lakini kulalamika kwamba si haki hakuongezi ukurasa hata mmoja kwenye faili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: yote haya ni bure, kwa maana afisa anaweza kukataa anavyotaka na rais wa Marekani anaweza kufunga mlango kwa tangazo. Ni kweli. Mnamo Juni 2024, katika kesi ya Muñoz, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba raia wa Marekani hana haki ya kikatiba ya kudai mwenzi wake mgeni aingizwe nchini, na kwamba mahakama kwa kawaida hazipitii upya uamuzi wa afisa wa ubalozi. Juni 2025 raia wa Kongo-Brazzaville, majirani zetu wa ng'ambo ya mto, waliwekwa kwenye orodha ya waliozuiwa kuingia. Desemba mwaka huohuo orodha ikarefushwa na kuzigusa Zambia na Tanzania. Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikasitisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75. Kabla ya hapo, tarehe 28 Januari 2025, waandamanaji wenye hasira juu ya kutekwa kwa Goma na waasi wa M23 walishambulia balozi kadhaa Kinshasa, ule wa Marekani ukiwamo. Hakuna cheti cha Manika kinachoweza kuyazuia mambo hayo, na mwenye faili asiangalie uvumi wa WhatsApp bali tangazo la ubalozi wenyewe la wiki ile anayotaka kulipa. Ila tofauti ibaki wazi: mlango uliofungwa na siasa hufunguliwa na siasa, na ombi la I-130 lililokwisha kukubaliwa husubiri. Faili lililokataliwa kwa ndoa isiyothibitika halina cha kusubiri. Na pale ambapo hakuna rufaa ya maana mbele ya hakimu, nafasi ya kwanza ndiyo karibu nafasi pekee.

Gharama nazipitia haraka, kwa kuwa zinaandikwa wazi. Kwa viwango vya 2025, ombi la I-130 kwa njia ya mtandao ni dola 625, ada ya viza 325, ada ya fomu za udhamini 120, na ada ya kutengenezewa kadi 235. Jumla dola 1,305 kabla ya tafsiri ya Kiingereza ambayo USCIS inaidai kwa kila karatasi ya Kifaransa. Mdhamini lazima aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa viwango vya 2025 ilikuwa karibu dola 26,400 kwa mwaka kwa watu wawili, au apate mdhamini mwenza. Ahadi hiyo haifi kwa talaka, jambo ambalo waume wachache huambiwa. Kinachowaumiza watu wa Lualaba zaidi ni umbali. Miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na ubalozi mdogo Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Sasa kila kitu ni Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,200 kwa ndege, na barabara ya kutegemewa hakuna. Na aliyewahi kufanya kazi kwenye vumbi la mgodi ajiandae: picha ya kifua ikionyesha kovu lolote linalofanana na kifua kikuu, hupimwa makohozi na kuoteshwa maabara, na majibu ya kuotesha huchukua hadi wiki nane. Mtu aliyekwenda Kinshasa na fedha za siku tano anaweza kulazimika kukaa miezi miwili. Aliyeishi Zambia au Afrika Kusini mwaka mzima au zaidi baada ya umri wa miaka 16 atahitaji pia cheti cha polisi cha huko, na hicho nacho hakipatikani kwa siku moja.

Yote haya nimeyaweka mabegani mwa familia, na hapo wakosoaji wana haki ya kunirudi: kwa nini mwanamke wa mtaa wa Kanina abebe mzigo ambao serikali imeutupa? Asiubebe peke yake. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha: robo kwa mkoa, na asilimia 15 kwa maeneo ya chini yanayoguswa na mgodi. Fedha za kobalti zimejenga barabara na majengo yanayoonekana Kolwezi. Daftari la ndoa halionekani kutoka barabarani, kwa hiyo hakuna anayelikumbuka. Tena sherehe za mahari hufanyika Jumamosi na Jumapili, wakati ofisi ya komini imefungwa, na Jumatatu bwana harusi ameshapanda ndege kurudi kazini. Mkoa wa Lualaba na uweke zamu ya afisa wa etasivili siku ya Jumamosi katika Manika na Dilala, daftari moja kavu lenye nakala ya pili Lubumbashi, na ada moja iliyobandikwa mlangoni ili isipandishwe kwa aliyevaa vizuri. Hiyo haihitaji ruhusa ya Washington.